Uchague Nadharia Ipi ya Haiba: Freud, Adler, Jung, Horney, Erikson au Bowlby?

Kila anayeanza kuzisoma nadharia za haiba, yaani za jinsi tabia ya mtu inavyojengeka, zilizotokana na uchanganuzi nafsi, mkondo ulioasisiwa na Freud, hukumbana na tatizo lile lile, nalo ni kwamba kila nadharia, ikisomwa peke yake, inashawishi. Ukimsoma Sigmund Freud utaona matamanio yaliyofichwa kila unapogeuka. Juma linalofuata ukimsoma Alfred Adler, watu wale wale wataonekana kuwa wanahangaika kuufunika unyonge wao. Na ukimfikia Carl Jung utaanza kujiuliza ndoto ya jana usiku ilikuwa na ujumbe gani. Ndiyo maana kuuliza nani alikuwa sahihi hakumfikishi mbali mwanafunzi anayetafuta nadharia ya kuiegemeza tasnifu yake, wala mwalimu mwenye kijana aliyejifungia, wala mtu anayetafuta mshauri nasaha wa kumfaa. Nionavyo, nadharia hizi huchaguliwa vizuri zaidi kwa kutazama mambo mawili: kila moja inayaelekeza macho wapi ndani ya maisha ya mtu, na ni madai yake yapi yaliyosalimika baada ya kupimwa na watu wasiokuwa wafuasi wake.

Tumchukue mtu mmoja wa kubuni, tumpitishe kwa kila mmoja wa mabingwa hawa. Ni mwanamke wa miaka 34, mfanyakazi hodari wa ofisi. Ripoti zake ni nzuri kuliko za wenzake, lakini kila anapotakiwa kusimama mbele ya wakuu wake kuzieleza, usiku wa kuamkia siku hiyo kichwa humuuma vibaya, na asubuhi hutuma ujumbe kuomba mwenzake asimame badala yake. Daktari amempima na hakuona ugonjwa. Akiulizwa, hujibu kwa utulivu kwamba yeye hapendi tu kujionyesha.

Freud: jinsi mtu anavyojificha mwenyewe

Freud (1856–1939), aliyekuwa daktari wa mishipa ya fahamu mjini Vienna, angeushuku utulivu wa jibu lile kabla ya kukishughulikia kichwa. Tangu kitabu alichochapisha pamoja na Josef Breuer mwaka 1895 kuhusu histeria, alishikilia kwamba mwili unaweza kusema jambo ambalo mdomo umekatazwa, na kwamba sehemu kubwa ya nafsi hufanya kazi katika ung'amuzi bwete, yaani eneo ambalo mwenyewe halifikii kwa kujitazama tu. Mwaka 1923 aliigawa nafsi katika sehemu tatu: idi, inayotaka kutoshelezwa papo hapo, supaego, ambayo ni sauti ya wazazi na jamii iliyohamia ndani ikawa hakimu, na ego, inayosuluhisha kati ya hizo mbili na dunia ya nje. Miaka mitatu baadaye alieleza kwamba wasiwasi ni mbiu inayopigwa na ego pale inaponusa hatari, na kwamba kinga za nafsi huamka kuiitikia mbiu hiyo.

Kwa mwanamke wetu, kusimama na kung'aa mbele ya wakuu huenda kunaamsha tamanio la kumpita mtu ambaye utotoni hakuruhusiwa kumpita. Supaego inalihukumu tamanio hilo, na maumivu ya kichwa yanakuwa suluhu, kwa kuwa yanamzuia, yanamwadhibu, na bado yanamwachia heshima yake. Freud aliwaeleza watu wa namna hii mwaka 1916, wale wanaoporomoka pale pale mafanikio yanapowafikia mkononi.

Fundisho hili la kinga ndilo urithi wa Freud ambao mimi nisingekubali kuuacha. Binti yake, Anna Freud, alilipanga vizuri katika kitabu cha mwaka 1936, akaonyesha jinsi mtu anavyokana jambo lililo wazi, anavyomtupia mwingine hisia zake mwenyewe, au anavyojitungia sababu nzuri za kitendo ambacho sababu yake halisi haikubaliki. Baadaye George Vaillant, daktari wa akili wa Marekani, alizifuatilia kinga hizo katika maisha ya wanaume waliosoma Chuo Kikuu cha Harvard, ambao uchunguzi wao ulianza mwaka 1938 na kuendelea hadi uzeeni. Alikuta kwamba waliotumia kinga komavu, kama vile ucheshi na kuiweka hisia kando kwa muda huku wakijua wameiweka, walielekea kuwa na maisha mazuri kuliko waliozoea kukana ukweli au kuwabebesha wengine makosa yao. Wote walikuwa wanaume wa chuo kimoja, na msomaji asilisahau hilo. Hata hivyo ni nadra kwa wazo la Freud kufuatiliwa kwa muda mrefu namna hiyo na likabaki limesimama.

Mengine hayakusimama. Hatua za ukuaji zinazofungwa kwenye mdomo, haja kubwa na viungo vya uzazi hazikupata ushahidi kwamba ndizo zinazojenga haiba ya mtu mzima, na dai kwamba mwanamke huishi na kijicho cha uume lilipingwa hata na wachanganuzi wenzake. Njia aliyokusanyia ushahidi nayo inasumbua. Kisa mashuhuri cha mwaka 1909, cha mtoto wa miaka mitano aliyeogopa farasi, kilitegemea zaidi barua na taarifa za baba wa mtoto, ambaye tayari alikuwa mfuasi wa Freud na alijua ni kitu gani kilitafutwa. Mwanafunzi anayemchagua Freud kwa ajili ya uhakiki wa fasihi atanufaika na kinga, ndoto na migongano ya supaego. Anayemchagua ili aeleze ukuaji wa mtoto anaegemea sehemu dhaifu kabisa ya jengo.

Adler: dalili inamfikisha mtu wapi

Adler (1870–1937) alijitoa kwenye kundi la Freud mwaka 1911, na ukiyasoma maisha yake unaona nadharia yake inakotoka: alikuwa mtoto mgonjwa, mwenye matege, aliyekaribia kufa kwa homa ya mapafu. Kwake, binadamu wote huanza maisha wakiwa wadogo na wasiojiweza, na haiba hujengwa kwa jinsi kila mmoja anavyoufidia unyonge huo. Tofauti yake kubwa na Freud iko kwenye mwelekeo wa macho. Freud anageuka nyuma atafute chanzo, ilhali Adler anatazama mbele atafute lengo, hata kama mwenye lengo halijui. Alikuwa na swali ambalo washauri wengi bado wanalitumia: ungefanya nini kama tatizo hili lisingekuwepo? Mwanamke wetu angejibu, bila kufikiri sana, kwamba angesimama mbele ya wakuu na kuieleza ripoti yake. Basi hilo ndilo linalokwepwa, angesema Adler, na kichwa kinamlinda asijulikane kuwa pengine si hodari kiasi kile anachojidhania, kwa kuwa asiyeingia uwanjani hashindwi.

Ninaipenda njia hii kwa sababu inamrudishia mtu hiari. Haimwambii kwamba utoto wake ulishaandika kila kitu. Inamuuliza anachagua nini sasa, na kama uchaguzi huo unamsogeza karibu na watu au unamtenga nao, maana kwa Adler afya ya nafsi ilipimwa kwa moyo wa kuijali jamii. Katika miaka ya 1920 wafuasi wake walifungua vituo vya ushauri kwa watoto na wazazi mjini Vienna, na mtazamo wake juu ya nidhamu isiyo ya kipigo wala ya kudekeza umeingia katika mafunzo mengi ya malezi bila jina lake kutajwa.

Dai lake lililoenea zaidi ndilo lililoanguka vibaya zaidi. Watu wengi bado wanaamini kwamba mtoto wa kwanza huwa wa kushika usukani, wa kati hutafuta upatanisho, na kitinda mimba huwa wa kubembelezwa. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha watu zaidi ya 20,000 kutoka Marekani, Uingereza na Ujerumani, haukuona athari yoyote ya maana ya nafasi ya kuzaliwa juu ya sifa kuu za haiba, isipokuwa tofauti ndogo sana katika alama za akili.

Hapa inafaa kumsikiliza mwanafalsafa Karl Popper, aliyekulia Vienna na aliyewahi kufanya kazi na Adler ujanani. Alitoa mfano wa mtu anayemsukuma mtoto majini ili azame, na wa mwingine anayejitosa majini na kuhatarisha uhai wake ili amwokoe. Kwa Freud, wa kwanza ana tamanio lililokandamizwa, na wa pili amelibadilisha tamanio lake kuwa tendo jema. Kwa Adler, wa kwanza ana unyonge unaomlazimisha athibitishe kwamba anathubutu kuua, na wa pili vivyo hivyo ana unyonge unaomlazimisha athibitishe kwamba anathubutu kuokoa. Popper aliona kwamba nadharia inayoweza kueleza matendo mawili yanayopingana bila kutikisika haina mahali pa kukosolewa. Ni hoja nzito, na anayechagua nadharia kwa ajili ya utafiti aiulize mapema: ni matokeo gani yangenifanya niseme kwamba hapa nadharia yangu imekosea?

Jung: lugha ya ishara, vipimo vibovu

Jung (1875–1961), daktari wa akili kutoka Uswisi aliyeachana na Freud mwaka 1913, ndiye ninayeona anapendwa kuliko anavyosomwa. Alidai kwamba chini ya ung'amuzi bwete wa mtu binafsi kuna mwingine wa wanadamu wote, wenye vikale, yaani taswira za mama mkuu, mzee mwenye hekima, mjanja na nyinginezo, zinazojirudia katika hekaya na ndoto. Mtu anavaa kinyago cha kumwonyesha hadharani, na yote anayoyakataa kuhusu nafsi yake yanakusanyika kwenye kivuli. Mwanamke wetu anasema hapendi kujionyesha. Jung angemuuliza ni watu gani wanaomuudhi kwa kujionyesha, kisha angemwonyesha kwamba ndani ya ukali wake dhidi yao kuna uwezo wake mwenyewe alioufukuza.

Kwa mhakiki wa hadithi, ngano na tenzi, hii ni hazina, na sioni haja ya kumzuia yeyote anayeitumia kwa kazi hiyo. Taabu huanza pale Jung anapogeuzwa kipimo. Katika kitabu cha mwaka 1921 alieleza tofauti kati ya watu wanaoelekea ndani na wanaoelekea nje, na wazo hilo, likirekebishwa sana, limo hata katika vipimo vya kisasa vya sifa tano kuu za haiba. Lakini Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers waliyajenga juu yake maswali yanayowagawa watu katika aina 16, kila moja ikiandikwa kwa herufi nne, na yanatumika ulimwenguni kote katika ofisi na vyuo. Sifa hizi kwa kweli hupanda na kushuka kwa viwango, na watu wengi wako katikati. Kipimo kinachokata mstari katikati humweka mtu upande huu leo, na majuma machache baadaye, akijibu tena, kikamweka upande wa pili. Wachapishaji wake wenyewe wanasema kisitumike kuajiri. Mtu aliyenyimwa kazi kwa sababu ya herufi nne ana haki ya kulalamika.

Horney: anayefaa wengi kuliko anavyotajwa

Karen Horney (1885–1952) alisomea udaktari Ujerumani, akafundishwa uchanganuzi, kisha akathubutu kuandika kwamba wanachokitamani wanawake ni heshima na uhuru ambao jamii imewapa wanaume, wala si kiungo cha mwili, na kwamba wanaume nao wana kijicho chao juu ya uwezo wa kuzaa. Mwaka 1941 chama cha wachanganuzi cha New York kilimvua nafasi ya kufundisha, naye akajitoa pamoja na wenzake. Alifundisha kwamba mtoto asiyepata upendo wa kutegemeka huota wasiwasi wa msingi, hisia ya kuwa peke yake katika dunia yenye uhasama, na kwamba hujiokoa kwa njia tatu: kuwasogelea watu ili wampende, kupambana nao ili wasimweze, au kujiweka mbali nao ili wasimguse. Kila mmoja wetu hutumia zote tatu kulingana na hali. Tatizo huanza njia moja inapokuwa ya lazima.

Sijui maelezo mengine yanayomfafanua mwanamke wetu kwa ukaribu zaidi. Tumtazame saa tatu usiku, kompyuta ikiwa mbele yake. Ripoti imekamilika, lakini anairudia mara ya sita, anahamisha koma, anabadilisha kichwa cha jedwali. Ndani yake kuna orodha ndefu ya “napaswa”: napaswa kujua jibu la kila swali, napaswa nisitetemeke, napaswa nisimchoshe yeyote. Horney aliuita huu udhalimu wa “napaswa”, yaani amri za nafsi bora ya kufikirika ambayo mtu anaidai kwake, na ambayo nafsi halisi haitaifikia kamwe. Kichwa kinaanza kuuma saa nne, kwa kuwa kesho nafsi halisi ndiyo itakayosimama pale mbele.

Anayesoma ushauri nasaha aanze na Horney. Lugha yake ni nyepesi, haimhitaji mteja akubali nadharia nzima ndipo asaidike, na uzao wake umeenea: Albert Ellis, aliyeanza kama mchanganuzi kabla ya kuasisi tiba yake ya kurekebisha fikra, alikiri kwamba alijifunza kwake. Upungufu wake ni kwamba aliandika kutokana na wateja wake, na tafiti zilizopima madai yake moja kwa moja ni chache.

Erikson na Bowlby: umri na uhusiano

Erik Erikson (1902–1994) nitampita haraka, kwa kuwa anafundishwa kila mahali na wengi wanamjua. Katika kitabu cha mwaka 1950 alipanga maisha yote, tangu uchanga hadi uzee, katika hatua nane, kila moja ikiwa na mgogoro wake, na kwa kufanya hivyo aliwatoa wachanganuzi kwenye dhana kwamba haiba hukamilika utotoni. Mgogoro wa utambulisho wa ujana ndio uliozaa utafiti mwingi zaidi, hasa baada ya James Marcia kuupa vipimo mwaka 1966. Mwalimu wa sekondari hatajuta kumchagua. Mpangilio wa hatua zake, hata hivyo, usichukuliwe kama ratiba, maana watu hurudia migogoro ya zamani wakiwa watu wazima, kama mwanamke wetu anavyopambana bado na swali la umri wa kwenda shule: je, ninaweza?

John Bowlby (1907–1990) anastahili nafasi zaidi, kwa sababu ndiye aliyejitahidi zaidi kuufungulia uchanganuzi mlango wa majaribio. Aliazima kutoka kwa watafiti wa tabia za wanyama wazo kwamba mtoto huzaliwa na hamu ya kuambatana na mlezi kwa ajili ya usalama, na jambo hilo liliwaudhi sana wachanganuzi wenzake wa Uingereza. Mary Ainsworth, aliyefanya kazi naye London, alikwenda Uganda katikati ya miaka ya 1950 akawafuatilia watoto wachanga wa Kiganda na mama zao nyumbani kwao, kisha akaendeleza kazi hiyo Baltimore, Marekani, ambako alibuni jaribio linalojulikana duniani kote.

Jaribio lenyewe huchukua kama dakika 20. Mtoto wa takriban mwaka mmoja yuko katika chumba chenye vitu vya kuchezea. Mgeni anaingia, mama anatoka, mama anarudi, kisha anatoka tena. Mtu asiyejua atatazama kilio cha mtoto pale mama anapotoka. Ainsworth alitazama zaidi kurudi kwa mama. Mtoto mmoja anamkimbilia, anabebwa, anatulia, na dakika mbili baadaye amerudi kwenye vitu vyake. Wa pili haonyeshi kumjali, anaendelea kugeuza mchezo wake mkononi. Wa tatu anataka kubebwa, na akibebwa anarusha mateke. Katika sekunde hizo chache inaonekana mtoto ameshajifunza nini kuhusu kama akiomba msaada ataupata.

Hakuna nadharia nyingine kati ya hizi sita iliyochunguzwa sana kama hii, na ndiyo ningemchagulia mtu yeyote anayeshughulikia watoto wadogo au malezi mbadala. Tahadhari inahitajika kwa watu wazima, kwa maana hali ya mtoto akiwa na mwaka mmoja hutabiri mahusiano yake ya baadaye kwa kiasi kidogo tu, na mitihani ya mtandaoni inayompa mtu jina la aina yake ya mwambatano katika dakika tano imeanza kuwatendea watu yale yale niliyoyalaumu kwa zile herufi nne.

Ukiamua kwenda kwa mshauri

Mkondo huu haujafa katika vyumba vya tiba. Aaron Beck, mwasisi wa tiba ya fikra na tabia inayotumika sana leo, alianza kama mchanganuzi, na alibadili njia baada ya kuzichunguza ndoto za wagonjwa wa sonona na kukosa ndani yake ile hasira iliyogeuziwa ndani ambayo nadharia ilimwambia ataikuta. Wakati huo huo, mapitio ya tafiti yameonyesha kwamba tiba fupi za mkondo wa uchanganuzi nazo husaidia sonona, kwa kiwango kinachokaribiana na tiba nyingine zilizothibitishwa. Freud alimlaza mteja kwenye kochi, akakaa nyuma yake, na alionana naye karibu kila siku. Adler na Jung walikaa na wateja wao uso kwa uso, na mshauri wa leo wa mkondo huu kwa kawaida humwona mteja mara moja au mbili kwa juma.

Mshauri akianza kwa kukuuliza ni nini kinachokujia akilini, na akanyamaza, jiandae kwa safari ndefu ya Freud. Akiuliza ungefanya nini kama tatizo lisingekuwepo, kazi itakuwa fupi na ya vitendo. Mwanamke wetu ningemshauri aanze na huyu wa pili, hasa kama anamfahamu Horney, kwa miezi mitatu au minne, kisha apewe ripoti moja ya kuisimamia mwenyewe hata kwa dakika kumi. Kichwa kikitulia na akasimama, imetosha. Kichwa kikitulia lakini mgongo ukaanza kuuma juma lile lile la mkutano, hapo ndipo ningempa namba ya mchanganuzi wa mkondo wa Freud.